Bei ya Chini na Haki ya Mteja: Nasaha kwa Mafundi wa Kompyuta

(Ifuatayo ni matini ya darsa iliyotolewa baada ya swala ya Alasiri, mbele ya mafundi, wafanyabiashara na waumini wengine jijini Dar es Salaam.)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, wazee wetu, vijana wetu, na mama zetu mnaotusikiliza kutoka upande wa pili wa pazia: mada ya leo mmetuletea ninyi wenyewe. Wiki chache zilizopita walitujia mafundi kadhaa wa kompyuta wanaoswali nasi. Walieleza kwamba katika mitaa yao wamezuka mafundi wengine wanaofanya kazi kwa nusu ya bei, na hata chini ya hapo. Kazi ya kupiga Windows upya, ambayo wao huitoza shilingi 20,000, wenzao huifanya kwa 10,000, na wengine kwa 5,000. Wateja wa miaka mingi wamehama. Mmoja wa waliotujia amelazimika kumwachisha kazi kijana aliyekuwa akimsaidia, na mwingine anadaiwa kodi ya kibanda ya miezi miwili.

Ombi lao lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, msikiti upange bei ya chini kabisa ambayo fundi Muislamu hataruhusiwa kushuka zaidi yake. Pili, watakaoivunja watajwe majina mbele ya jamaa ili watu wawaepuke. Jambo hili ni zito, kwani baadhi ya wanaolalamikiwa nao husimama katika safu hizi hizi, na imetufikia habari kwamba wapo ndugu wasioitikiana salamu kwa sababu yake. Tumeona ni wajibu wetu kulijibu hadharani, kwa dalili, ili kila upande usikie.

HOJA YA ZABIBU ZA HATIB

Mafundi waliotujia hawakuja mikono mitupu. Walitaja kisa cha Umar bin Khattab (r.a.) na Hatib bin Abi Balta'a (r.a.), kisa ambacho Imam Malik amekipokea katika Muwatta. Umar alipita katika soko la Madina akamkuta Hatib akiuza zabibu kavu kwa bei ya chini kuliko wenzake, akamtaka achague moja kati ya mambo mawili: apandishe bei, au aondoke katika soko lao. Ndugu zetu wakasema: ikiwa Khalifa alimzuia sahaba asiwaharibie wenzake soko, kwa nini leo msikiti usifanye vivyo hivyo?

Hoja hii ina uzito, na wapo wanazuoni wa madhehebu ya Maliki walioishikilia. Lakini kisa hiki kina sehemu ya pili, ambayo Imam Shafi'i aliipokea na kuitegemea. Umar aliporudi aliihesabu nafsi yake, kisha akamwendea Hatib nyumbani kwake na kumfahamisha kwamba lile alilomwambia sokoni halikuwa amri wala hukumu. Lilikuwa ni jambo aliloliona lina kheri kwa watu wa mji, na kwamba Hatib ana hiari ya kuuza popote na kwa namna aipendayo. Mtu anayetaja nusu ya kwanza na kuiacha ya pili hajaikamilisha amana ya kunukuu.

Tena ipo hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Bei zilipanda Madina zama za Mtume (s.a.w.), watu wakamwomba awapangie bei. Hakukubali. Aliwarejesha kwa Allah, ambaye riziki ziko mikononi mwake, na akaeleza kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila ya kudaiwa na yeyote dhulma ya damu wala ya mali. Ikiwa yeye, mwenye mamlaka juu ya mji mzima, alichelea dhulma katika kupanga bei, sisi walimu wa madrasa tutaipata wapi haki ya kumwambia fundi kwamba jasho lake lisiuzwe chini ya shilingi kadhaa?

Liko jambo jingine ambalo ndugu zetu hawakulitaja. Sheria ya Ushindani ya Tanzania, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza washindani kukubaliana kupanga bei, na inakataza pia kukubaliana kumsusia mtu kwa pamoja. Ombi la kwanza ni kupanga bei, na la pili ni kususia. Kwa hiyo hatutatangaza bei ya chini katika msikiti huu, wala hatutataja jina la mtu.

Tumesikia wengine wakisema kwamba mzigo wote huu uliletwa na wageni. Amri ya serikali iliyotangazwa Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na ukarabati wa simu na vifaa vya kielektroniki umo katika orodha hiyo. Anayekushindanisha kwa bei katika mtaa wako leo, mara nyingi ni jirani yako. Huyo utaishi naye, utazikana naye, na watoto wenu watasoma madrasa moja. Ndiyo sababu inapasa tujue kwanza bei yake ya chini imetokana na nini.

BEI YA CHINI INA SURA TATU

Fundi anayelalamika husema kwa neno moja: "Yule anaharibu soko." Lakini wanaouza chini hawako sawa, na hukumu zao haziko sawa. Tumewagawa katika mafungu matatu.

(i) Yule ambaye gharama zake ni ndogo

Tuchukue mfano wa fundi mwenye kibanda cha kawaida pembezoni mwa jiji. Kwa mwezi analipa kodi ya kibanda 150,000, umeme na intaneti 60,000, msaidizi 200,000, nauli za kufuata vipuri 50,000, leseni na kodi ya serikali tuweke 40,000, akiba ya zana na ya kazi zinazorudi 50,000, na matumizi ya nyumbani kwake 450,000. Jumla ni shilingi 1,000,000. Akifanya kazi siku 25 na kumaliza kazi mbili kwa siku, atakuwa na kazi 50. Hivyo kila kazi, mbali na bei ya kipuri, haina budi kumwachia shilingi 20,000.

Sasa mtazameni jirani yake, ambaye amefungua meza katika ukumbi wa nyumba ya baba yake. Halipi kodi ya kibanda, wala hana msaidizi. Ondoeni 150,000 na 200,000 katika hesabu ile, zinabaki 650,000. Zigawanyeni kwa kazi 50, mtapata 13,000. Kijana huyu akitoza 15,000 bado anapata faida. Je, amemdhulumu nani? Allah amemfungulia mlango, na mteja amepata nafuu. Anayemchukia kwa hilo aihofie husuda ndani ya moyo wake. Kijana naye ajue kwamba wepesi huo huenda usidumu: akioa na kuhamia kibanda chake mwenyewe, hesabu ya 20,000 itamkuta, na wateja wake atakuwa amekwisha kuwazoesha 15,000. Ni bora aweke akiba tangu sasa.

(ii) Yule asiyezijua gharama zake

Huyu ni yule wa shilingi 5,000. Akizishika jioni anaona zimebaki mkononi, hivyo anadhani ni faida. Hakuhesabu nauli, wala kifaa cha kulehemu kitakachoungua, wala siku ambayo kompyuta aliyoitengeneza itarudi na aifanyie kazi upya bila malipo. Kwa hesabu tuliyoitoa, kwa shilingi 5,000 angehitaji kazi 200 kwa mwezi, yaani kazi nane kila siku, na hakuna fundi mmoja anayeweza kuzifanya vizuri. Huyu anakula mtaji wake bila kujua. Baada ya miezi michache hufunga, au huanza kukopa, au huteleza akaingia katika fungu la tatu.

Haki ya huyu juu yetu ni nasaha. Fundi mkubwa na amwite kwa upole, wakae faraghani na karatasi na kalamu, amfundishe hesabu hii. Asimwamuru apandishe bei, wala wasiwekeane mapatano ya bei. Amwonyeshe hesabu tu, kisha amwachie hiari yake, kama Umar alivyomwachia Hatib. Wengi katika vijana hawa wamejifunza ufundi kwa kutazama, na hakuna aliyewahi kuwaeleza tofauti ya mapato na faida.

(iii) Yule ambaye bei yake ya chini imeficha ghishi

Huyu ndiye mwenye madhara. Anakuita kwa 5,000, kisha anajilipa kwa njia usiyoiona. Mafundi waaminifu wametueleza njia hizo, nasi tunazitaja ili mjihadhari.

Anatoa kumbukumbu ya RAM iliyo kubwa na kukuwekea ndogo; kompyuta inawaka, hivyo unashukuru na kuondoka. Anachukua betri yako nzima na kukurudishia iliyochoka. Anakuuzia diski iliyokwisha kutumika miaka mingi kwa jina la mpya, ingawa diski yenyewe huweka hesabu ya saa ilizofanya kazi, na iko programu ya kuisoma hesabu hiyo kwa dakika moja. Anakuuzia flashi iliyoandikwa ukubwa isiokuwa nao: mafaili yanaonekana kuingia, lakini ukubwa wake wa kweli ukishajaa, yanayofuata huharibika au hufuta ya mwanzo. Anakuwekea Windows iliyofunguliwa kwa programu ya wizi, na programu za namna hiyo huweza kubeba virusi vinavyoiba maneno ya siri ya benki. Au anakwambia kwamba ubao mkuu wa kompyuta umekufa, hali ya kuwa ni vumbi limeziba feni na dawa ya kupooza joto juu ya prosesa imekauka.

Fikirieni mwanafunzi wa chuo aliyeandika kazi yake ya utafiti kwa miaka miwili na kuihifadhi katika flashi ya namna hiyo. Kilichookolewa katika bei ni shilingi elfu chache, na kilichopotea hakirudi.

Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta majimaji. Mwenye chakula alitoa udhuru kwamba kilinyeshewa mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione. Na hapo Mtume akajitenga na mwenye kughushi. Kisa hiki kimo katika Sahih Muslim. Hakuulizwa mtu yule alikuwa akiuza kwa bei gani. Ghishi ni ghishi hata mteja akipunguziwa nusu ya bei, na vivyo hivyo fundi wa 50,000 anayeghushi hasalimiki kwa kuwa bei yake ni kubwa. Tunalisema hili kwa sababu wapo mafundi wa bei ya juu wanaowalaumu wenzao, na ndani ya makabati yao mmejaa vipuri vya wateja.

USHINDANI ULIOKATAZWA

Kushindana katika kheri na katika riziki kunaruhusiwa. Lakini Sharia imeweka mipaka, na miwili katika hiyo inavunjwa sana na mafundi.

Wa kwanza ni kuingilia mauzo ya nduguyo. Mtume (s.a.w.) amekataza watu kuuza juu ya mauzo ya wenzao. Maana yake kwa fundi ni hii: mteja ameshafikia mapatano na fundi wa kwanza na kumwachia kompyuta yake, kisha wewe unampigia simu na kumwambia, "Kaitoe, mimi nitakufanyia kwa nusu." Kuandika bei yako ukutani ni halali. Kumvunjia mwenzako mapatano yaliyokwisha kufungwa si halali, hata kama bei yako ni nzuri zaidi.

Wa pili ni ulimi. Fundi akiulizwa kwa nini bei yake ni kubwa, hujibu kwamba yule wa ng'ambo ya barabara ni tapeli. Je, amemshuhudia? Kama hana ushahidi, huo ni uzushi. Kama anao, amwongoze mteja aliyedhulumiwa adai haki yake kwa utaratibu, wala asiifanye aibu ya mwenzake kuwa tangazo la biashara yake.

FUNDI MWENYE BEI YA HAKI AFANYE NINI?

Hapa ndipo penye jibu la ombi mlilotuletea. Mteja anayekwenda kwa fundi wa 10,000 mara nyingi hana njia ya kujua tofauti yake na wa 20,000. Wote wawili wanaichukua kompyuta, wanaingia nayo ndani, na wanarudi nayo ikiwaka. Jambo pekee analoliona waziwazi ni bei, basi anachagua kwa bei. Fundi mwaminifu akitaka kulipwa zaidi, hana budi kuufanya uaminifu wake uonekane kwa macho na kushikika kwa mikono. Tunapendekeza mambo sita.

1. Pokea kwa maandishi. Abdul-Rahman ash-Shayzari, aliyeishi Sham katika karne ya 12 Miladia, aliandika kitabu cha kuwaongoza maofisa wa hisba waliokagua masoko. Katika habari za washonaji ameelekeza kwamba nguo ya thamani, kama hariri, ipokewe kwa kupimwa uzito, na ikishashonwa irudishwe kwa uzito ule ule, ili fundi asikate kipande akakificha. Hariri ya leo ni kompyuta. Andika mbele ya mteja ukubwa wa RAM, ukubwa na namba ya diski, hali ya betri, na kama ameacha chaja. Yeye achukue nakala moja, nawe ubaki na moja. Siku ya kuchukua msomeane tena. Daftari la risiti halizidi uwezo wa fundi yeyote, na anayebadilisha vipuri hatakubali kuandika.

2. Chunguza kwanza, kisha mpatane ujira. Katika mlango wa ijara, wanazuoni wameshurutisha ujira ujulikane. Maneno ya "tutaonana ukija kuchukua" ndiyo mwanzo wa ugomvi. Weka ada ndogo ya uchunguzi, iliyotangazwa, na umweleze mteja kwamba itahesabiwa ndani ya malipo akikubali kazi. Ukigundua tatizo la pili wakati kazi inaendelea, simama, mpigie simu, upate ridhaa yake.

3. Rudisha kilichotolewa. Feni iliyokufa, diski iliyoharibika, kioo kilichopasuka, vyote ni mali ya mteja. Vitie katika mfuko na umkabidhi, hata kama atavitupa nje ya mlango. Betri iliyovimba mwonyeshe, kisha umtahadharishe kwamba ni hatari ya moto na haifai kukaa nyumbani.

4. Toa dhamana. Wanazuoni walihitilafiana kuhusu fundi anayepokea mali za watu wengi. Imam Malik, na wanafunzi wawili wa Imam Abu Hanifa, yaani Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, waliona kwamba fundi anadhamini kilicho mikononi mwake, ila kikipotea kwa jambo lililo nje ya uwezo wake. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi'i ni kwamba hadhamini ila akizembea au akivuka mipaka. Lakini imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib (r.a.) aliwadhaminisha mafundi, kwa kuona kwamba mambo ya watu hayatengemai ila kwa hilo. Hata anayefuata kauli nyepesi, hakuna kinachomzuia kujitolea. Andika katika risiti: kazi hii ikirudi na tatizo lile lile ndani ya siku 30, nitaifanya upya bila malipo. Fundi wa 5,000 hawezi kuliandika neno hilo, kwani kazi mbili zikirudi amekwisha.

5. Linda siri. Kompyuta ya mtu ni nyumba yake. Ndani yake mna picha za familia, barua, hesabu na vyeti. Kufungua mafaili yasiyohusiana na kazi ni katika upelelezi uliokatazwa, na kunakili picha za mke wa mtu ni khiyana ambayo hakuna udhuru wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Muislamu alikuwa na sheria hiyo kabla yake. Mwambie mteja aanze kwa kuhifadhi nakala ya mafaili yake. Kama hawezi, ifanye kazi hiyo mbele yake, na kazi ikiisha ufute nakala iliyobaki kwako huku anatazama. Kina mama wengi watakulipa zaidi kwa jambo hili moja.

6. Uza ujuzi. Kazi ya kupiga Windows hujifunzwa kwa wiki moja, na kazi inayojulikana na kila mtu bei yake itashuka tu. Jifunze ambayo si kila mtu anaiweza. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mteja mwenye kompyuta ya namna hiyo anahitaji mtu wa kumshauri kwa ukweli: je, anunue nyingine, au hii inatosha akiwekewa diski ya SSD na mfumo wa Linux ambao haulipiwi leseni? Fundi wa pupa atamlazimishia Windows 11 kwa njia ya mkato na kumwacha na matatizo. Zipo pia shule, zahanati na maduka ya dawa katika mtaa wako, ambayo kompyuta zao huharibika kwa vumbi, kwa chumvi ya hewa ya pwani na kwa umeme unaopanda na kushuka. Waendee na mpatane malipo ya kila mwezi ya kukagua na kusafisha kabla mashine hazijafa. Wateja wanne wa namna hiyo watakulipia kodi ya kibanda bila ya kushindana na mtu barabarani.

Na yule mteja ambaye kweli hana uwezo? Usimfukuze, wala usimpe kipuri bandia kwa siri. Mwekee machaguo mawili wazi: kipuri kipya kwa bei hii na dhamana hii, au kilichotumika kwa bei ile na dhamana fupi, kikiwa kimeandikwa katika risiti kwamba kimetumika. Kuuza kitu duni kwa bei duni hali ya kuwa mnunuzi anakijua, hakuna ubaya ndani yake.

NANYI WATEJA MNA WAJIBU

Tusiwaelemee mafundi peke yao. Wapo miongoni mwetu wanaopatana 20,000, na kazi ikishaisha wanatoa 12,000 na kusema kwamba nyingine "tutajua mbele ya safari". Huo ni ulaji wa haki ya mtu. Wapo wanaomdanganya fundi kwamba jirani yake amewatajia 8,000, na hakuna aliyewatajia. Wapo wanaoacha kompyuta kibandani miezi sita, kisha ikiingia panya wanadai fidia. Na wapo wanaotaka kazi ya dhamana kwa bei ya kubahatisha, na wakiibiwa wanasema mafundi wote ni wezi.

Ukienda kwa fundi muulize maswali manne kabla ya kuuliza bei. Utaniandikia unachokipokea? Utanirudishia ulichokitoa? Kazi ikirudi itakuwaje? Mafaili yangu utayafanya nini? Akikujibu vizuri yote manne na bei yake ni ya chini, mshike huyo na umwombee baraka. Akibabaika, hata 5,000 ni ghali.

TUNACHOWAOMBA

Tumekataa kupanga bei, na tumekataa kutaja majina. Badala yake tunawaomba mafundi wote wa eneo hili, wa bei ya juu na wa bei ya chini, wakutane hapa Jumamosi baada ya Alasiri. Hakuna atakayeulizwa anatoza kiasi gani, na mazungumzo ya bei hayataruhusiwa katika kikao hicho. Tutakuwa na kazi moja tu: kuandaa karatasi moja ya mapokezi yenye mambo manne tuliyoyataja, ambayo fundi yeyote atakayetaka ataichapisha kwa jina lake mwenyewe. Aliyezoea kuandika awafundishe wasiozoea. Asiyetaka hatalazimishwa wala hatanenwa vibaya. Hesabu tuliyoisoma leo itanakiliwa, na kila kijana anayejifunza ufundi apewe.

Na wale waliokatiana salamu kwa ajili ya shilingi 10,000, wakumbuke kwamba Muislamu hahalalikiwi kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Siku hizo zimekwisha pita. Mbora wao ni atakayeanza.

Tunamwomba Allah (s.w.) awape mafundi wetu riziki ya halali, aitie baraka mikono yao, awaepushe na khiyana iliyo dhahiri na iliyofichika, na atujaalie sote kuwa miongoni mwa wanaosikia neno na kufuata lililo bora ndani yake. Wabillahi tawfiq.